Simu ya Kukunja Yenye Barua Pepe: Ichague Hivi, Itumie Hivi

Mwishoni mwa mwaka 2024 nilimnunulia mama yangu mdogo simu ya kukunja. Ni mwalimu mstaafu, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na mtoto wake mmoja anafanya kazi Muscat. Alichotaka alikisema kwa ufupi: "Mwanangu, nitafutie simu ya batani inayoleta barua pepe na meseji. Nikishamaliza niifunike, nilale." Dukani nikaonyeshwa Nokia 2720 Flip. Imekaa vizuri kiganjani, batani zake kubwa, na juu ya kifuniko kuna kioo kidogo kinachoonyesha saa. Muuzaji akaniapia kwamba WhatsApp imo. Nikalipa. Tulipofika nyumbani tuliitafuta WhatsApp kwenye duka la programu la simu ile, hatukuiona. Ilikuwa imeondolewa humo tangu tarehe 25 Juni 2024, miezi kadhaa kabla sijaapiwa.

Barua pepe ilikubali, meseji zilikubali, na mama mdogo anaitumia mpaka leo. Ila tangu siku ile najua kwamba simu hizi hazinunuliwi kwa macho. Zinanunuliwa kwa kujaribiwa, kitu kimoja baada ya kingine, ungali umesimama mbele ya kaunta. Kama unamtafutia mzazi, au umechoka na kioo kinachokuita usiku kucha na unaitaka iwe yako mwenyewe, soma haya kabla hujatoa pesa.

Zinafanana kwa sura, hazifanani kwa kazi

Kwa nje simu zote za kukunja ni ndugu. Ndani zimetengana sana, na kutengana huko ndiko kunakoamua kama utapata barua pepe au hupati.

Kuna zile za zamani, za mitumba au zilizokuwa zimelala kabatini. Motorola ilitoa StarTAC mwaka 1996, na mwaka 2004 ikaja RAZR V3, nyembamba ya milimita 13.9 ikiwa imefungwa, ikauzwa zaidi ya milioni 130 duniani. Ni simu nzuri kweli. Ukiipatia betri nzima, itapiga na kutuma SMS pale ambapo mtandao wa 2G bado upo, kama hapa Tanzania. Barua pepe ndiyo inayokwama, kwa sababu ulinzi uliomo ndani yake ni wa enzi zile na seva za leo haziupokei.

BlackBerry Pearl Flip 8220 ya mwaka 2008 inaumiza zaidi. Ilikuwa BlackBerry ya kwanza ya kukunja na ilitengenezwa hasa kwa ajili ya barua pepe. Lakini barua zake zilipita kwenye mitambo ya kampuni yenyewe, na tarehe 4 Januari 2022 mitambo hiyo ilizimwa kwa simu zote za mfumo ule wa zamani. Anayekuuzia leo kwa sifa ya barua pepe anakuuzia jina tu.

Kundi la pili ni la KaiOS, mfumo uliotokana na Firefox OS ya Mozilla. Watanzania wengi waliufahamu kupitia Smart Kitochi ya Vodacom mwaka 2019. Septemba ya mwaka huohuo Nokia 2720 Flip ikazinduliwa Berlin, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi: kioo cha ndani cha inchi 2.8, cha nje cha inchi 1.3, 4G, betri ya mAh 1500 ambayo unaweza kuitoa kwa mkono wako. Ina programu ya barua pepe, kivinjari, SMS, na kitufe cha dharura ubavuni. WhatsApp ilikuwemo ilipotoka kiwandani, na ndiyo maana wauzaji bado wanaitaja. Hata boksi linaweza kuwa na alama yake. Boksi lilichapwa zamani, usilisikilize.

Kundi la tatu ni zinazotumia Android, kama CAT S22 Flip ya mwaka 2021. Hizo hupokea programu za kawaida za Android, Gmail ikiwemo, lakini ni nzito, na kuchagua herufi kwa kidole kwenye kioo cha inchi 2.8 kunataka subira. Hiyo niliyoitaja iliuzwa na T-Mobile ya Marekani. Ukiletewa kutoka huko, uliza kwanza kama imefunguliwa mitandao yote, la sivyo itakataa laini yako.

Halafu kuna ya kuchanganya watu, nayo ni Nokia 2660 Flip ya mwaka 2022. Ukiziweka karibu, hii na 2720 unaweza kudhani ni moja. Siyo. Ya 2660 haina KaiOS. Ni simu ya kupiga, kupokea na kutuma SMS, na kwa mzee anayetaka sauti tu inatosha kabisa. Kwa anayetaka barua pepe, soma namba iliyoandikwa chini ya betri, usitegemee kumbukumbu ya muuzaji.

Na kwa ndugu walioko Marekani: AT&T ilizima 3G Februari 2022, na Verizon ikafuata mwishoni mwa mwaka ule. Simu ya kukunja ya miaka ya 2000 haitakupigia kwenye mitandao hiyo hata uilipie nini. Vilevile usituletee huku simu za zamani za Verizon kama zawadi. Nyingi hazina hata mahali pa kuweka laini.

Mbele ya kaunta

Nenda na laini yako yenye bando. Nenda pia umekariri anwani yako ya barua pepe na neno lake la siri, au uwe nayo kwenye karatasi.

Kwanza bonyeza *#06#. Zitatokea namba za tarakimu 15, mara mbili kama simu ni ya laini mbili. Hizo ndizo IMEI. Zilinganishe na zilizoandikwa chini ya betri na kwenye boksi. Ukiwa Tanzania, itume namba hiyo kwa SMS kwenda 15090 na utajibiwa ni simu ya aina gani. Kenya ni 1555. Jibu likitaja simu nyingine kabisa, rudisha. Tarehe 16 Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia kwenye mitandao yote ya Tanzania, na Kenya ilikuwa imefanya hivyo tangu mwisho wa Septemba 2012.

Kisha ifungue na kuifunga, pole pole, mara ishirini au thelathini, huku macho yako kwenye kioo cha ndani. Muuzaji akikushangaa mwache ashangae. Ndani ya bawaba umepita utepe mwembamba wa nyaya, mafundi huuita fleksi, unaopeleka picha na sauti kutoka upande wa batani hadi upande wa kioo. Kila ukifungua simu, utepe ule unajikunja. Ukianza kuchoka, kioo hupepesa simu ikiwa nusu wazi, au sauti hukatika ukiifungua mpaka mwisho. Kwa simu ya mitumba hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, kuliko hata mikwaruzo. Mikwaruzo haiui simu. Utepe unaua.

Baada ya hapo weka laini, piga namba ya mtu unayemfahamu, muulize anakusikia vipi. Funika simu katikati ya mazungumzo uone kama inakata. Washa data, fungua ukurasa wowote. Mwisho, na hapa usikubali kuharakishwa, fungua programu ya barua pepe na uingize anwani yako hapohapo.

Barua pepe: palipo na kikwazo

Wengi wanakwama hapa na kuilaumu simu. Unaweka anwani ya Gmail, unaweka neno la siri sahihi, simu inajibu kwamba si sahihi. Unarudia herufi moja moja, jibu ni lilelile. Hujakosea. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google haizipokei tena programu zinazoingia kwenye akaunti za watu binafsi kwa jina na neno la siri la kawaida peke yake.

Ikiwa simu yako inakufungulia ukurasa wa Google wenyewe, ingia humo kama ulivyozoea. Kama inakuuliza neno la siri moja kwa moja kisha inalikataa, njia ni hii. Tumia kompyuta au simu janja ya mtu unayemwamini, ingia kwenye akaunti yako ya Google, na kwenye sehemu ya usalama uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Baada ya hapo utaweza kutengeneza neno la siri la programu. Ni herufi 16, hutolewa mara moja tu, na ni kwa ajili ya simu hiyo peke yake. Liandike kwenye karatasi bila nafasi kati ya herufi. Unapoliingiza kwenye simu, tazama kwanza alama ya aina ya herufi: inatakiwa isome abc, si Abc wala ABC. Hubadilishwa kwa kubonyeza #. Mimi na mama mdogo tulishindwa mara mbili kwa sababu ya herufi ya kwanza kujifanya kubwa.

Simu ikikuuliza aina ya akaunti, chagua IMAP badala ya POP. Tofauti yake ni kama sanduku la posta. Kwa IMAP unazisomea barua sandukuni, nazo zinabaki humo, ukifika kwenye kompyuta utazikuta. Kwa POP barua inabebwa nyumbani, na kutegemea mpangilio inaweza isionekane tena kwingine. Kwa Gmail, seva ya kupokea ni imap.gmail.com, mlango 993, ulinzi SSL. Ya kutuma ni smtp.gmail.com, mlango 465, ulinzi SSL.

Anwani ya ofisini ni jambo jingine. Microsoft nayo ilianza Oktoba 2022 kuifunga njia ya kuingia kwa neno la siri tupu kwenye huduma yake ya ofisi, kwa hiyo muulize kwanza mtu wa kompyuta kazini kwenu. Akikwambia haiwezekani, amini. Usinunue simu ukitegemea bahati.

Ukishaingia, punguza mambo. Iagize simu ilete barua za siku tatu tu zilizopita, izikague kila saa moja au pale unapoitaka mwenyewe, na isipakue picha. Hapo betri na bando vitakaa.

Viambatisho ni udhaifu ambao huwezi kuuondoa. Hati ya kurasa nne kwenye kioo cha inchi 2.8 haisomeki, hata ufanyeje. Waambie wanaokuandikia wayaweke maneno yenyewe ndani ya barua. Yule kijana wa Muscat sasa anaandika kila kitu humo: kiasi alichotuma, tarehe ya likizo, jina la dawa. Waombe pia waanze kichwa cha barua kwa neno lenye uzito, kwa sababu kwenye orodha utaona maneno mawili au matatu tu. "Muhtasari wa Machi" unaonekana. "Habari za siku nyingi mpendwa katibu" hazikwambii kitu.

Kuandika kwa batani

Aliyezoea kioo cha kugusa huona batani kumi na mbili kama adhabu. Mpe wiki mbili. Kiswahili kina unafuu wake humu, kwa kuwa hakuna herufi tunayoitumia kama a, na a ni mbonyezo mmoja kwenye 2. Andika "mama": 6, 2, 6, 2. Mibonyezo minne, vidole vinapokezana, umemaliza. Sasa andika "baba". Herufi zote ziko kwenye 2, kwa hiyo unabonyeza mara mbili, unangoja kidogo, mara moja, unangoja, mara mbili, unangoja, mara moja. Usipongoja, b na a zinageuka c. Kwenye simu nyingi mshale wa kulia unakuokolea kule kungoja: bonyeza herufi, bonyeza mshale, endelea.

Simu ikianza kukukisia maneno na kukuwekea ya Kiingereza, zima ubashiri wa maneno, au chagua Kiswahili kama kimo kwenye orodha ya lugha. Kuandika herufi moja moja ni haraka kuliko kusahihisha makisio ya lugha nyingine. Ile alama ya ng' iliyo kwenye "ng'ombe" hukaa chini ya 1 au *, pamoja na nukta na mkato.

Kuna hesabu ya SMS ambayo inagusa mfuko wako. SMS moja hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukizidisha, simu inaikata vipande vya herufi 153 kila kimoja, na unatozwa kwa kila kipande. Ukiweka hata kikatuni kimoja cha uso unaocheka, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Alama ya ng' iliyonyooka haina tatizo. Ile iliyopinda, ambayo simu janja nyingi huiweka zenyewe, inakushusha hadi 70 vilevile. Katibu anayewatumia wanachama thelathini taarifa ya mkutano anaweza kulipia SMS sitini bila kujua, kwa sababu ya kikatuni. Mama mdogo huandika taarifa yake mara moja, anaihifadhi kwenye rasimu, na kila mwezi anabadilisha tarehe tu.

Matumizi ya kila siku

Ingia kwenye mipangilio uwashe kujibu kwa kufungua na kukata kwa kufunika. Kwa mwenye vidole vinavyouma, hiki ndicho kitu kitakachomfanya aipende simu: hatafuti kitufe chochote. Kitufe cha dharura kiandae siku hiyohiyo ya kununua, uweke namba za watu wa karibu, kisha kijaribu mkiwa wote sebuleni ili ikija siku ya haja kila mmoja ajue ujumbe ule unavyoonekana. Wasipoujua wataudhania utapeli.

Huduma za pesa hazina shida, kwa sababu menyu zake hazihitaji intaneti: *150*00# kwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania, *334# kwa ya Safaricom. Ila usiifunike simu mpaka SMS ya uthibitisho iingie. Kufunika ni kukata, na hutaki kukata katikati ya kutuma pesa.

Majina hamisha kwa Bluetooth kutoka simu ya zamani. Usitegemee laini peke yake. Laini nyingi hubeba majina 250 hivi, na mengine huingia yamekatwa mwisho.

Ifungue kwa mikono miwili au kwa kidole gumba taratibu. Ule mtindo wa kuirusha wazi kwa kidole kimoja, tuliouona kwenye filamu, ndio unaochosha bawaba. Kabla ya kufunika, pitisha kidole juu ya batani, maana punje ya mchanga ikibanwa kati ya batani na kioo inatosha kuchora kioo. Usiifunge kwenye pindo la kanga pamoja na funguo na sarafu. Betri ikianza kuvimba na kifuniko cha nyuma kuinuka, iondoe siku hiyo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Ikipotea, piga 100 kwa simu ya mtu mwingine ya mtandao uleule, uifunge laini. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Google na ulifute lile neno la siri la herufi 16. Barua zitaacha kuingia kwenye simu iliyopotea, na neno lako kuu la siri halijaguswa. Weka pia PIN kwenye laini tangu mwanzo, uiandike mahali ambapo si ndani ya mfuko wa simu.

Simu hii haimfai kila mtu. Kama kazi yako, shule ya watoto na michango ya ukoo vyote viko kwenye makundi ya WhatsApp, usinunue ya KaiOS, utajitenga na watu wako. Kama unachohitaji ni sauti iliyo wazi, SMS, na barua pepe unayoisoma asubuhi na jioni, Nokia 2720 Flip iliyo nzima inaifanya kazi hiyo vizuri, na ninaipendekeza bila wasiwasi. Nenda na laini yako, nenda na anwani yako. Muuzaji asipokuruhusu kuijaribu barua pepe kabla ya kulipa, mshukuru, uende duka la pili.